Acheni kumpima mtoto umaskini wake, lipieni vyuo kwa wote

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kwenye ukurasa wa barua niseme kuhusu hili la serikali kulipia watu wote chuo, maana nimesoma barua za wasomaji wenzangu na karibu zote zinaimba wimbo mmoja, kwamba anayeenda chuo ndiye atakayekula mshahara mzuri baadaye kwa hiyo ajilipie, na kama ni maskini kweli basi achunguzwe, akionekana hana asaidiwe. Ndugu mmoja akaandika kabisa kwamba kumlipia mtoto wa tajiri ni kuchukua hela ya mfagia barabara na kumpa mwenye magari matatu. Hiyo sentensi imenikaa kichwani siku kadhaa sasa.

Imenikaa kwa sababu na mimi nilikuwa nasema hivyohivyo, tena kwa kujiamini. Nimefanya kazi miaka kumi na moja kwenye ofisi ya uhasibu ya chuo kimoja, dirishani kabisa, pale wanapokuja na risiti na machozi, na nilivyoanza nilikuwa naona haki kabisa kila mtu abebe mzigo wake na mnyonge apewe msaada. Niliondoka pale siamini tena. Leo nasema serikali ilipe kwa kila aliyefaulu na kupata nafasi, awe wa tajiri awe wa maskini, na asiulizwe mtu yeyote baba yake anaingiza shilingi ngapi. Hapo kwenye kuulizana ndipo penye shida yote na ndipo wanaoandika barua hawajawahi kupaona.

Niwaambie kinavyokuwa. Wiki ya vibali ndiyo wiki mbaya kuliko zote. Kibali cha mtihani hakitoki mpaka ada iwe imekamilika, kwa hiyo siku tatu nne kabla ya pepa ya kwanza foleni inaanzia dirishani inakata kona ya korido inashuka na ngazi, na kila mtu ameshika karatasi yake. Sasa kuna kijana mmoja, jina lake silitaji, mwaka wa pili huyo, alikuja siku tatu mfululizo na faili la plastiki la kubana kwa kitufe, lile la bluu linaloonekana mpaka ndani. Ndani mlikuwa na fomu ya kuomba msaada, cheti cha kifo cha baba yake, barua ya kiongozi wa mtaa wao, matokeo yake yote na picha nne za pasipoti.

Fomu ina kipengele kinasema andika kipato cha mzazi kwa mwezi, ambatanisha slipu ya mshahara. Mama yake anafua nguo za watu majumbani. Slipu anaitoa wapi? Mara ya kwanza aliacha pale wazi, fomu ikarudi imeandikwa haijakamilika. Mara ya pili mtu akamshauri aandike sifuri, akaandika sifuri, fomu ikarudi na swali kwa kalamu nyekundu pembeni, kama kipato ni sifuri sekondari ulisomaje? Mara ya tatu wakamwambia alete kiapo chenye muhuri wa wakili kwamba mama hana kipato rasmi, na muhuri unalipiwa, na yeye ile hela ya muhuri ndiyo ilikuwa hela yake ya kula ya wiki nzima. Siku ya tatu aliinamia dirisha akaniuliza taratibu tu bila hasira, "Mama, nikisema mama yangu anapata kitu wananiambia nina hela, nikisema hapati wananiambia naongopa, sasa nisemeje?" Sikuwa na jibu. Kiapo alikileta lakini siku ya mwisho ya kupokea fomu ilikuwa imepita, mtihani hakufanya, akaahirisha mwaka. Faili akaniachia mimi nimtunzie asije akalipia tena mihuri akirudi.

Sasa mtu atasema hiyo ni fomu mbaya, tengeneza fomu nzuri. Nimeona fomu zikibadilishwa mara nne nikiwa pale. Ya kwanza ilikuwa ya kurasa mbili, ya mwisho ilifika kurasa tisa, na kila kurasa iliyoongezeka ilikuja kwa nia njema kabisa, kuwakamata wadanganyifu. Wadanganyifu ndio walioijaza vizuri zaidi! Mtoto wa mfanyabiashara ambaye hesabu za baba yake kwenye karatasi kila mwaka ni hasara, karatasi zake zimepangwa na mhasibu, hazina kosa hata moja, anapata msaada wote. Mtoto wa mwalimu ambaye mshahara wa mzazi wake unaonekana mpaka senti ya mwisho, anakatwa. Na huyu wa mama anayefua hana karatasi kabisa, ananing'inia. Ukipima umaskini kwa karatasi unampata yule mwenye karatasi nzuri.

Na kulikuwa na msichana aliyelelewa na mjomba. Mjomba ana kazi ya maana, fomu ikasema familia ina uwezo. Uwezo upo kweli, ila mjomba alishamwambia tangu kidato cha nne kwamba jukumu lake limeishia pale, na binti angeandikaje kwenye fomu ya serikali kwamba mjomba wangu aliyenilea amekataa? Angerudi nyumbani gani likizo? Mambo kama haya hayana kisanduku cha kuweka vema. Kinachonikera ni kwamba watu wanaopendekeza uchunguzi wanadhani umaskini ni kitu kama urefu, unasimama ukutani unapimwa.

Msifikiri ni ya chuo kimoja tu haya. Kenya mwaka 2023 ilileta mfumo mpya wa kuwagawa wanafunzi wa vyuo vikuu kufuatana na uwezo wa familia, asiyenacho apewe zaidi, wazo ambalo ukilisikia huwezi kulipinga. Ilipofika 2024 kelele kubwa ilikuwa ni watu kuwekwa kundi lisilo lao, familia zinashangaa zimepandishwa daraja bila kujua kwa kipimo gani, mpaka ikaundwa kamati ya kupitia upya na kesi zikafika mahakamani. Afrika Kusini nayo baada ya wanafunzi kufunga vyuo mwaka 2015 wakidai ada zianguke, Disemba 2017 ikatangazwa kwamba familia yenye kipato kisichozidi randi 350,000 kwa mwaka mtoto wao asome bila kulipa. Hatua kubwa, naiheshimu sana. Ila bado lilibaki kundi ambalo wenyewe wanaliita la katikati lililosahaulika, mtoto wa nesi na polisi, aliyezidi mstari kidogo tu, si maskini wa kusaidiwa wala si tajiri wa kujilipia. Popote utakapochora mstari kuna mtu atakuwa amesimama sentimita moja upande usiofaa. Ndiyo kazi ya mstari.

Haya, turudi kwa yule ndugu na mfagia barabara wake, maana hoja yake si ya kupuuza.

Ni kweli hela ya serikali inatoka kwa wote, na mfagia barabara analipa kodi kila anaponunua sabuni, na ni kweli mtoto wa tajiri atanufaika. Lakini mbona darasa la kwanza hatuulizani? Mtoto wa waziri akikaa dawati la shule ya msingi ya serikali hakuna anayesema tumeibiwa. Barabara anapita yeye na gari lake, chanjo anachanjwa yeye na mwanangu kwenye foleni moja. Tajiri tunamkamata kwenye kodi, pale ndipo mahali pa kumuuliza una shilingi ngapi, kuna ofisi nzima yenye wataalamu wa kazi hiyo na sheria zake. Badala ya kumuuliza mtu mzima mwenye mali tunakwenda kumuuliza mtoto wa miaka kumi na tisa aliyeshika faili la plastiki. Kama ofisi ya kodi yenye kompyuta na wakaguzi imeshindwa kujua tajiri anapata nini, karani wa chuo atajuaje? Mimi nilikuwa huyo karani, nawaambia hajui.

Na kuna jambo lingine watu hawalisemi. Kitu kinachotumiwa na maskini peke yao huwa hakina mtetezi. Hela ya kujikimu ikichelewa miezi miwili na wanaoisubiri ni watoto wa wasio na sauti, itachelewa hata mitatu. Siku ile na mtoto wa mkurugenzi atakuwa anasubiri hela hiyohiyo, simu zitapigwa asubuhi asubuhi. Nataka mtoto wa mkurugenzi awe kwenye foleni ileile, kwa faida ya yule aliye mbele yake.

Marekani mwaka 1944 walipitisha sheria ya wanajeshi waliorudi vitani, serikali ikawalipia masomo, na wanajeshi zaidi ya milioni 2 wakaingia vyuo kwa hela hiyo. Hakuna aliyeulizwa baba yako anafanya kazi gani, umetumika jeshini, ingia darasani. Ingawa nao walikuwa na doa lao, wanajeshi weusi wengi walikuta milango ya vyuo imefungwa kwa ubaguzi wa wakati ule, kwa hiyo hela walikuwa nayo kwenye sheria lakini kiti hawakupata. Na New York walikuwa na chuo cha umma kilichoanzishwa 1847 watoto wa wahamiaji wasome bila ada, kikaenda hivyo miaka na miaka, mpaka 1976 jiji lilipoishiwa hela ndipo ada ikaingizwa. Leo deni la mikopo ya wanafunzi Marekani limepita dola trilioni 1.6. Mtu akiniambia bure haiwezekani namwambia ilishawezekana, tena zamani wakati nchi hizo hazina utajiri zilionao sasa.

Ujerumani ndiyo naipenda zaidi kwa sababu walijaribu yote mawili. Mahakama yao ya katiba mwaka 2005 ilifungua mlango majimbo yatoze ada, majimbo kadhaa yakaanza kutoza, kwa kawaida euro 500 kwa semista, wanafunzi wakagoma, wapiga kura wakanuna, majimbo yakaanza kuacha moja baada ya jingine na ilipofika 2014 la mwisho nalo likafuta. Walionja wakarudisha sahani.

Lakini nisijifanye upande wangu hauna matundu. Yapo, na kuna moja lilinisumbua muda mrefu, nalo ni Brazil. Vyuo vikuu vya serikali kuu kule havitozi ada, ni bure kwa wote kama ninavyotaka mimi, na kwa miaka mingi waliojaza viti vile walikuwa watoto wa wenye nazo, kwa sababu mtihani wa kuingia ni mgumu na aliyesoma sekondari ya kulipia ndiye anayeupasua, na yule aliyesoma shule ya umma anaishia kwenye chuo cha binafsi cha jioni anakilipia kwa jasho lake. Yaani mfagia barabara wa yule ndugu kabisa, yupo, na alikuwa analipia viti vya wenye magari. Hili nilipolifahamu nilikaa kimya siku nzima.

Ila angalieni walichofanya. Hawakuanza kutoza ada. Mwaka 2012 walipitisha sheria nusu ya nafasi kwenye vyuo hivyo ziende kwa waliosoma sekondari za umma. Waliona shida iko getini na wakarekebisha geti. Na hiyo nayo ni shule kwetu sote tunaopigia debe bure, kwamba ukifuta ada ukaiacha sekondari ya maskini haina mwalimu wa hesabu, umewafutia ada wale waliokuwa na uwezo wa kuilipa. Kwa hiyo anayeniambia hela iende kwanza shule za chini simpingi, tunagombana kwenye kitu kimoja tu, yeye anadhani ni ama huku ama kule. Miaka ya 1980 Benki ya Dunia ilizisukuma nchi nyingi kwa hoja hiyohiyo, punguzeni chuo muongeze msingi, na vyuo vingi vya Afrika vikaanza kukosa vitabu, maabara zikakauka, walimu wakaondoka. Hao walimu wa shule za chini wanafundishwa wapi kama si vyuoni?

Uingereza pia inanipa shida, niseme ukweli. Walianza kutoza hadi paundi 1,000 mwaka 1998, ikawa hadi 3,000 mwaka 2006, ikawa hadi 9,000 mwaka 2012, na wengi walitabiri watoto wa maskini watakimbia. Hawakukimbia. Vijana wa miaka 18 kutoka maeneo ya hali ya chini waliendelea kuongezeka vyuoni, kwa sababu tangu 2006 hawatoi hela mfukoni siku ya kwanza, wanakopeshwa na wanalipa wakishapata mshahara wa kiwango fulani. Wakati huohuo Scotland ambako wenyeji hawalipi ada, serikali inaweka ukomo wa nafasi inazozilipia, kwa hiyo kuna wenye sifa wanaobaki nje kwa sababu kiti hakipo. Anayetaka kunipiga anaweza kunipiga hapo.

Waliokimbia Uingereza ni wengine, ambao hatuwaangalii kwa kuwa si vijana. Ni watu wazima waliokuwa wanasoma jioni huku wanafanya kazi. Hao walipungua sana miaka ile, sababu ziko zaidi ya moja lakini ada ni mojawapo, na mimi naielewa kabisa. Mtu ana miaka 38, ana watoto watatu, unamwambia akope deni la miaka mingi. Nilikuwa na mwenzangu ofisini, fundi wa kompyuta hodari kuliko hata waliosomea, kila mwaka anachukua fomu ya kujiunga anaijaza nusu anaiweka kwenye droo, anasema mwaka huu wa mtoto wangu, mwakani wangu. Nilipoondoka alikuwa bado anasema mwakani.

Na Australia? Walifuta ada 1974, wakazirudisha 1989 kwa namna ya mkopo unaokatwa kupitia kodi ukianza kupata kipato cha kutosha. Kati ya mikopo yote huo ndio wa kiungwana, hakuna kufukuzwa na wakusanya madeni, huna kazi hudaiwi. Wengi wanaoandika huku wanautolea mfano na nawaelewa. Tatizo ni kwamba mtambo ule unaendeshwa na slipu ya mshahara. Nchi ambayo karibu kila mtu analipwa kupitia benki na kodi inakatwa hapohapo, sawa. Nchi ambayo wengi wanajiajiri, leo anauza hiki kesho kile, deni linabebwa na mwalimu na nesi na karani ambao majina yao yako kwenye orodha ya mishahara, na yule aliyesoma sheria akafungua kampuni yake anateleza. Tumerudi palepale kwenye karatasi.

Sasa nije kwenye hela, maana najua mhariri utaulizwa na wasomaji, huyu mama anaitoa wapi.

Kwanza ada si gharama yote, na pengine si hata gharama kubwa. Sweden hawatozi ada wenyeji lakini wanafunzi wengi wanamaliza na deni, deni la kula na kulala. Wengi niliowaona wanaondoka chuoni hawakufukuzwa na ada, walifukuzwa na kodi ya chumba, na njaa, na nauli. Mtu anadisko, yaani anaondolewa chuo kwa kufeli, kwa sababu alikuwa anafanya ulinzi usiku ili ale, asubuhi anasinzia kwenye lekcha. Kwa hiyo serikali ikisema tumefuta ada ikapiga picha ikaondoka, sijaridhika. Na ikisema italeta hela ya kujikimu basi ije wiki ya kwanza ya semista, hela inayokuja mwezi wa tatu inamkuta mtu ameshauza simu na godoro.

Pili, nakubali kwamba kwa nchi nyingi hela haitoshi kulipia kila kitu kwa mara moja. Mkataba wa kimataifa wa haki za kiuchumi, kijamii na kiutamaduni wa mwaka 1966, kifungu cha 13, wenyewe umesema elimu ya juu ifikiwe na wote kwa kadiri ya uwezo wa mtu kichwani, hasa kwa kuifanya bure hatua kwa hatua. Hatua kwa hatua, sawa, mimi si mtoto. Ninachobisha ni namna ya kupanga hatua. Watu wanapanga kwa kuchagua nani maskini zaidi. Mimi ningepanga kwa aina ya chuo. Anza na vyuo vya ufundi, uuguzi, ualimu, kilimo, umeme, lipia wote wanaoingia humo bila swali, halafu panda vyuo vikuu kozi kwa kozi kadiri hela inavyopatikana. Fomu inakuwa na swali moja tu, umechaguliwa? Na wale waliobaki kwenye mkopo kwa sasa wajue lini zamu ya kozi yao inafika, iandikwe kwenye sheria siyo kwenye hotuba.

Nasema vyuo vya ufundi kwanza kwa sababu huu mjadala wetu wote unasema chuo huku kila mtu kichwani ana chuo kikuu. Fundi bomba naye anasomea. Mkunga anasomea. Hawa ndio watoto wa mfagia barabara hasa, na ndio tunawatoza ada bila hata kupiga kelele kwa sababu hakuna anayeandamana kwa ajili yao. Kama kweli yule ndugu anamuonea huruma mfagia barabara, tuungane hapa, tuanze hapa kesho.

Na viti viongezwe sambamba, hili nalisisitiza. Misri ilifuta ada vyuo vikuu mwaka 1962, na ikaahidi kila mhitimu kazi serikalini, nia safi kabisa, watoto wa wakulima wakaingia madarasa ambayo babu zao hawakuruhusiwa kuyasogelea. Baadaye kumbi zikafurika kupita kiasi na foleni ya ajira ikawa ya miaka. Nani alaumiwe, bure? Hapana, kufungua mlango bila kujenga chumba. Mimi nimeona darasa la watu 300 lenye viti 120, wanafunzi wamekaa madirishani, na hao walikuwa wanalipa ada kamili, kwa hiyo ada nayo haijengi chumba yenyewe.

Wapo watakaosema kitu cha bure hakithaminiwi, wanafunzi watazubaa. Hii hoja naipitia haraka kwa sababu sijawahi kukutana nayo dirishani. Waliokuwa wanazubaa niliowajua mimi walikuwa wamelipiwa kila kitu na wazazi, na ada haikuwazuia kuzubaa. Weka masharti ya kufaulu, anayefeli mara mbili aondoke ampishe mwingine, mbona rahisi.

Ombi langu kwa wanaokaa kuamua mambo haya ni dogo. Kabla hamjaandika sera nyingine ya kuwachuja wanaostahili, njooni mkae dirishani wiki moja tu, wiki ya vibali, siyo kwa ziara ya kupigwa picha, mkae kwenye kile kiti mpokee zile karatasi wenyewe na mjibu wenyewe yale maswali.

Yule kijana wa faili la bluu alirudi mwaka uliofuata kama alivyosema. Nilimtolea faili lake kwenye droo, kila kitu kilikuwemo kama alivyokiacha, hata zile picha nne. Tukakaa naye tukapitia karatasi moja moja, na tulipofika kwenye kiapo nikasoma chini kabisa kwa maandishi madogo kwamba kinatumika miezi sita. Akachukua faili akaenda kutafuta wakili.

Ni mimi msomaji wako,
Karani mstaafu wa uhasibu wa chuo